Bi Mwajabu Aitafutia Seva Yake Chumba

Si zamani sana, wala si mbali, katika nchi ya Hewala, nchi tulivu ambayo hata mbwa huomba kibali kabla ya kubweka, aliishi mshona sare mmoja aitwaye Bi Mwajabu. Usijisumbue kuitafuta Hewala kwenye ramani. Ramani zake zimepelekwa kusahihishwa.

Watu wa Hewala walikuwa na bahati ambayo mataifa mengine huiota tu. Serikali ilimpa kila raia anwani ya barua pepe, bure kabisa, tangu anapozaliwa hadi baada ya arubaini yake. Na kwa kuwa cha bure hakikosi mwenyewe, barua zote zilipitia kwanza Wizara ya Barua na Malezi, zikanyooshwa tahajia na tabia, kisha kila Alhamisi alasiri zikasomwa kwa sauti kwenye ukumbi wa kata mbele ya watu wote. Wataalamu walieleza faida yake. Barua inayosomwa na mtu mmoja humfaidi mtu mmoja. Inayosikilizwa na kata nzima huifaidi kata nzima. Hesabu hiyo haikuwa na mpinzani, na mwalimu mmoja aliyejaribu kuipinga alihamishiwa somo la kilimo.

Simu hazikuwa afadhali. Mazungumzo ya simu yaliigizwa redioni kila Jumapili na kikundi cha sanaa cha wizara, na aliyeigiza sauti za kina mama alikuwa mwanamume mnene asiyeachana na mafua. Watu wakaona heri barua.

Basi Alhamisi moja Msomaji wa Kata, bwana mwenye tai pana, alifungua barua ya Siwema, binti pekee wa Bi Mwajabu, aliyeolewa ng'ambo. Sheria ilimtaka mwenye barua asimame. Bi Mwajabu akasimama na gauni lake la Alhamisi, akitarajia salamu na labda habari za mimba.

Haikuwa mimba. Siwema aliandika kwamba mumewe humpiga, kwamba safari hii amemvunja mkono, kwamba ametoka na anajibanza sebuleni kwa watu. Mwishoni akamwuliza mama yake: nirudi nyumbani?

Msomaji alisoma vizuri. Penye mkono uliovunjika alitua kidogo, kama walivyofundishwa chuoni, ili watu wapate nafasi ya kuguna. Watu wakaguna.

Mwenyekiti wa Kata, Bwana Ndimbwa, akakohoa. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile, na picha yake akiwa amemshika bwana harusi bega ilitundikwa palepale ukumbini, chini kidogo ya picha ya Baba Mlezi wa Taifa. Akamwuliza Bi Mwajabu kwa upole kama kweli huyo ni mwanawe, au ni barua iliyopotea njia. Kwa maana Hewala haikuwa nchi ya kumlazimisha mtu. Raia aliruhusiwa kuikana barua yake, na wengi walifanya hivyo.

Bi Mwajabu akatazama mbele. Safu ya kwanza wameketi kina mama wanaonunua sare kwake kila muhula, mikoba magotini, midomo wazi.

"Sina mtoto wa namna hiyo," akasema.

Wakampigia makofi. Katikati ya makofi yale akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomla baadaye kuliko maneno yenyewe.

Serikali ya Hewala haikawii panapohitajika. Kabla Bi Mwajabu hajafika kwake, mashine za wizara zilikuwa zimekwisha kumrudishia Siwema barua yake, na juu yake pameandikwa: *Barua yako haikupokelewa. Sababu: mpokeaji hana mtoto wa namna hiyo. Asante kwa kutumia huduma yetu. Tafadhali tupe nyota.*

Siwema hakuandika tena.

Masika yakaja, yakapita. Bi Mwajabu alishona sare, akakata suruali moja miguu yote ya upande mmoja, akaifumua. Kila Alhamisi alikwenda ukumbini akasikiliza barua za watu wengine, na jina lake lisipotajwa alishukuru, kisha njiani akajichukia kwa kushukuru.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuja kuzika. Alileta kijisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni, na maneno ambayo Siwema aliyatia kinywani mwake, si kwenye karatasi. Maneno yenyewe yalikuwa kwamba kile kijisanduku ni seva, yaani posta ya mtu mmoja. Siwema amekwisha kuipanga yote ndani. Kazi ya mama ni kuitafutia chumba penye umeme usiokatika na intaneti isiyolala. Akikipata, na akiwa na la kusema, aseme kwa hiyo. Anwani ya serikali Siwema hataki tena kuiona.

Bi Mwajabu akauliza kama hakusema lingine.

"Hakusema," mwanamke akajibu. "Mkono umepona. Umepinda kidogo."

Bi Mwajabu hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Msamaha alikuwa nao tayari, ameukariri jikoni hata sufuria zinaujua. Kilichokosekana ni mahali pa kuutumia. Nyumbani kwake haikuwezekana, kwani ofisi ya umeme ikitangaza kwamba umeme utarudi saa mbili, haisemi saa mbili ya lini. Akaitia seva kwenye mkoba wa vitambaa, akatoka kuitafutia chumba, kama mtu anayempangia mtoto wa chuo.

Alianzia kwenye jengo la vioo la kampuni iitwayo Ikulu ya Seva. Ndani seva zilipulizwa baridi mchana kutwa, huku wafanyakazi wakijipepea nje kwa majalada. Dada wa mapokezi alidai cheti cha kuzaliwa cha seva, picha zake za pasipoti masikio yote mawili yakionekana, na barua ya tabia njema kutoka kwa mwenye nyumba wake wa zamani. Bi Mwajabu akaeleza kwamba seva ndiyo kwanza imezaliwa, haijapanga popote. Dada akasikitika. Akataja kodi, na kwa kodi ile Bi Mwajabu angeweza kumpangia binadamu nyumba nzima yenye bustani. Alipoona sura ya mteja wake imebadilika, dada akamwongezea kwa siri kwamba zipo seva ndogo huwa zinachangia chumba. Bi Mwajabu akataka kujua ya kwake ingelala na nani. Akaambiwa na seva ya kampuni ya kamari, iliyokuwa haitulii hata Ijumaa. Akashukuru, akaondoka na mkoba wake.

Watu wakamwelekeza kwa Mzee Kisoda, nyuma ya soko la kuku. Huyu alikuwa mtu mwenye akili. Aligundua kwamba seva hutoa joto, na joto huangua mayai, akaona kwa nini vitu viwili visifanye kazi moja. Seva zake zilipangwa kwenye rafu, mayai yamezizunguka, na kila barua iliyopita ilikuwa inamsogeza kifaranga mmoja karibu na dunia. Umeme aliutoa kwenye mtambo wa kiwanda cha barafu, kwa makubaliano ambayo kiwanda hakikuyajua. Kodi yake ilikuwa sare za wajukuu zake kila muhula. Bi Mwajabu akakubali hapohapo, akaiweka seva kati ya mayai, akawasha kama alivyoelekezwa, akaandika neno moja la majaribio.

Neno likarudi. Akalituma tena, likarudi likiwa na matusi.

Ikabainika kwamba mtaa wa anwani wa Mzee Kisoda ulikuwa umechafuka jina dunia nzima. Mpangaji mmoja aliyehama zamani alikuwa akiandikia walimwengu wote kwa jina la mjane wa jenerali mwenye dhahabu iliyofichwa kwenye jeneza, akitafuta mtu mwaminifu wa kugawana naye. Toka hapo dunia iliwafungia wapangaji wote wa mtaa ule, wema kwa wabaya, na hata vifaranga.

Dawa ilikuwapo. Mjini kulikuwa na Baraza la Majina Yaliyochafuka, na desturi ya Baraza ilikuwa mpangaji mpya amwombee radhi mpangaji wa zamani. Bi Mwajabu akavua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya kioo kikubwa cha runinga, na ndani ya kioo waamuzi kutoka ng'ambo walikuwa wanakula chakula cha mchana. Akafungua kinywa bila kujua atasema nini. Akasema amekosa. Akasema alidanganya mbele ya watu kwa tamaa ya kuonekana mtu, na aliyemtegemea akamwacha peke yake. Akasema kama muda ungerudi nyuma angeukata ulimi wake. Akalia, kamasi zikamtoka. Mwamuzi mmoja akaweka uma chini. Wakamsafisha mjane wa jenerali kwa kauli moja, na karani akasema hajaona mtapeli aliyejuta vile.

Njiani Bi Mwajabu alitembea ameinamisha kichwa. Kwa kosa la mtu asiyemjua koo lake lilikuwa wazi kama bomba. Alijiuliza kwa nini siku ile ukumbini halikutoka hata neno la kweli.

Lakini barua bado haikwenda. Safari hii haikurudi. Ilikaa tu ndani ya seva kama mtu aliyekosa nauli. Mzee Kisoda akaja, akageuza yai moja, akajikuna.

"Mama Siwema, kwani sikukwambia? Hapa barua zinaingia. Kutoka ndiyo hazitoki. Hata lile neno lako liligombezwa humuhumu na orodha ya majina machafu, mlangoni halijafika. Barua hutokea mlango wa ishirini na tano, na mlango huo umefungwa nchi nzima."

"Ungeniambia kabla sijaenda kulia kule."

"Nilijua unalia mambo yako."

Mashine yoyote, alimfafanulia, ina milango yake yenye nambari, na duniani kote barua zimezoea kutoka kwa huo wa ishirini na tano. Mwenye kuufunga na kuufungua Hewala ni mmoja tu, Mamlaka ya Milango.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Dakta wa Heshima Nyangasa, alimpokea Bi Mwajabu vizuri sana. Ofisi yake ilikuwa na milango mingi, yote ya kuingilia. Akamwomba aketi, akasimama yeye, maana hotuba zake hazikutoka akiwa ameketi.

"Mama yangu mpendwa," akasema, "Baba Mlezi wetu ametimiza miaka ishirini na tano ya kutulea. Taifa likajiuliza, tumpe nini mtu mwenye kila kitu? Tukampa mlango. Mlango wa ishirini na tano sasa ni mnara wa kumbukumbu. Je, ungependa kuona watu wakipitapita na vijibarua vyao juu ya mnara?"

Bi Mwajabu akasema asingependa. Mkurugenzi akafurahi. Akamweleza kwamba wananchi hawakuachwa hivihivi. Wamefunguliwa mlango wa ishirini na sita, umepakwa rangi mpya. Ni kweli hauendi popote, lakini msongamano hakuna.

Hapo Bi Mwajabu, aliyekuwa amechoka, akasema wazi kwamba anataka kumwandikia mwanawe barua moja, na kwamba hataki isomwe. Mwingine angefungwa. Lakini Mkurugenzi alimtazama kwa umakini mpya, akabonyeza kengele, akanong'onezwa na msaidizi. Kumbe huyu ndiye mama aliyeikana barua pasipo sauti kutetemeka. Wizara ilikuwa imeisikiliza kanda ile, ikaipenda. Ilivyotokea, Msomaji wa Kata mwenye tai pana alikuwa amepandishwa cheo, sasa anasoma wosia za watu ambao hawajafa, na nafasi yake ilikuwa wazi. Mkurugenzi akaketi kwa mara ya kwanza. Seva ya Msomaji, akasema, hukaa ghorofa ya chini ya wizara yenyewe, penye umeme usiojua kukatika, na hutokea mlango wa nyuma wa ishirini na tano, ule wa watumishi. Hailipiwi kitu.

"Na barua zangu atazisoma nani?"

"Mama," Mkurugenzi akasema, kama anayemfundisha mtoto, "Msomaji hasomwi."

Bi Mwajabu akaomba afikirie. Akaruhusiwa kufikiria palepale, Mkurugenzi akitazama saa. Aliufikiria ule mkono uliopinda. Halafu akafikiri kwamba barua zitasomwa vilevile, asiposoma yeye atasoma mwingine, na huyo mwingine huenda asiwe na huruma. Watu wa Hewala wote hufikiri hivyo, ndiyo maana kazi za Hewala hazikosi watu.

Akaihamisha seva kutoka kwenye mayai siku hiyohiyo. Mzee Kisoda hakumwuliza inakwenda wapi. Alipoona gari la wizara limekuja kuibeba, aliingia ndani kuangalia vifaranga vyake.

Alhamisi ya kwanza Bi Mwajabu alipewa joho, glasi ya maji, na barua zake asubuhi ili apate kuzizoea. Akazipitia jikoni. Ya tatu akaisoma mara mbili. Ilitoka kwa Hatibu, mtoto wa Bi Mwatime.

Bi Mwatime alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu mzima kuliko yeye kwa mbali. Ndiye aliyempokea Siwema kwa mikono yake, siku ambayo gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumpokea waziri. Kata nzima ilimwita Mama Daktari, kwa kuwa Hatibu alikuwa ng'ambo anasomea udaktari, na picha yake ya koti jeupe aliionyesha hata kwa wauza mkaa.

Hatibu aliandika kwamba alifeli zamani. Kwamba anaosha vyombo jikoni hospitalini, na koti la kwenye picha aliazima. Kwamba amechoka kuitwa daktari na mama yake kila barua, naye hakuwa na ujasiri wa kusema, basi leo ameupata.

Bi Mwajabu aliishika barua ile kwa vidole viwili. Hakuna ambaye angejua ni kusudi kama ingeangukia jikoni motoni. Lakini kanuni ilikuwa wazi. Barua ikipotea mikononi mwa Msomaji, nafasi yake hujazwa kwa barua ya Msomaji mwenyewe. Na yeye alikuwa na moja, imeandikwa, inamsubiri jioni akamtumie Siwema. Akatia maji ndani ya birika. Akaitazama ya Hatibu, akaitazama ya kwake.

Alasiri akasoma ya Hatibu. Alisoma kwa sauti safi. Alipofika penye koti la kuazima akatua kidogo. Hakukusudia, koo ndilo lililotua, ila watu hawakujua tofauti, wakaguna.

Bi Mwatime alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, ameshika mtandio wake kifuani. Bwana Ndimbwa akamwuliza swali lilelile, kwa upole uleule. Bi Mwajabu akamkazia macho kutoka jukwaani. Alimwomba kwa macho, mkane, dada, mkane ukae. Na alijua hakuwa anamhurumia. Alitaka wawe wawili.

"Ni wangu," akasema Bi Mwatime. "Nimemzaa mwenyewe. Hata vyombo nilimfundisha mimi kuosha."

Haikuwa imewahi kutokea, na makofi hayakujua yaanzie wapi. Bwana Ndimbwa akanong'ona na wajumbe wake muda mrefu, kisha akatangaza kwamba Bi Mwatime amevuliwa jina la Mama Daktari, na kwa kuonyesha ukosefu wa busara ya utu uzima, anapunguziwa umri kwa kiwango ambacho wizara itaona kinafaa. Halafu akaomba Msomaji mpya apigiwe makofi kwa matamshi yake. Hayo yakapigwa.

Jioni ile Bi Mwajabu aliituma barua yake. Baada ya kuikariri miezi yote, ilitoka fupi: *Siwema, ni mimi mama yako. Nilisema sina mtoto wa namna yako. Niliogopa watu. Nisamehe, rudi nyumbani.* Ikatoka kwa mlango wa nyuma wa ishirini na tano bila kubisha.

Jibu likaja kesho yake akiwa anakunja pindo la sketi. Siwema alisema ameisoma barua peke yake, amefunga mlango, amelia, kisha amecheka kwa vile ilivyo fupi, kwa maana mama yake hajawahi kupoteza maneno. Alisema atarudi mwisho wa mwezi. Alisema hajui mama ameipatia wapi seva chumba cha bei ndogo katika nchi ile, ila aliyemsaidia Mungu amlipe. Kisha akaandika:

*Mama, Hatibu wa Bi Mwatime anakaa mtaa wa pili na hapa. Mashine za wizara zimemjulisha kwamba mama yake alimkubali mbele ya watu, tangu hapo analia kama mtoto. Anataka kumwandikia lakini anaogopa itasomwa tena. Mpe Bi Mwatime anwani humo kwenye seva yako, wazungumze wenyewe. Wewe unajua inavyouma.*

Bi Mwajabu alimaliza kusoma. Hakuna mwingine aliyeisoma, hakuna aliyeguna. Akaweka sketi chini, sindano ikiwa bado kitambaani, akatoka, akazunguka ukuta. Alikuwa na maneno. Atamwambia Bi Mwatime kila kitu, kuanzia gari la wizara hadi birika la maji, kisha ampe hiyo anwani, na akitaka kumtemea mate amtemee.

Bi Mwatime alikuwa kibarazani anapeta mchele. Kina mama wawili waliokuwa wanapita na ndoo za maji walimwona Msomaji anaingia, wakapunguza mwendo, wakasimama kabisa, wapate kuona kama sheria ya umri mpya inafuatwa. Mmoja wao alikuwa na watoto watatu shuleni, wote wanavaa sare za Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu akafungua kinywa. Bi Mwatime akamtangulia. Aliweka ungo chini, akajishika goti, akainuka polepole kama mtu wa umri wake anavyoinuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Msomaji."

Bi Mwajabu alitafuta kejeli katika sauti ile, hakuiona. Akawatazama wale wenye ndoo.

"Marahaba," akasema.